Makelele mu bafle: yanatoka wapi?



Mu nyumba mingi za vijana wanaopenda muziki, kinanda kikubwa cha zamani hakiko tena. Fasi yake kuko ordinateri ya kufunga na kufungua, na klavye ya plastiki isiyokuwa na sauti yake yenyewe. Sauti inatoka mu programu. Njo kile tunaita hapa kinanda cha programu. Mu mwaka 1996 kampuni Steinberg ya Ujerumani ilitoa mupango unaoitwa VST, na mu mwaka 1999 ikaongeza njia ya kuingiza vinanda vyenyewe ndani ya ordinateri. Leo kuko vinanda vya bure kabisa, kama vile ZynAddSubFX na Surge. Kijana wa Kolwezi ao wa Likasi anaweza kupiga sauti ambazo zamani ziliomba mashini ya bei kali.

Lakini kuko shida moja inayowasumbua wengi. Unawasha vyombo, haujagusa klavye hata kidogo, na tayari bafle inavuma: mmmm. Ao inafanya sss, sawa vile mafuta mu kikaango. Ao unapiga, na sauti inakatika-katika: tak, tak, tak. Baba anasema ordinateri imekufa. Rafiki anasema ununue kable mupya. Mungine anasema ubadilishe mashini yote. Feza ya jamaa inaenda bure, ju hakuna mutu aliyeuliza kwanza: makelele haya yanatoka wapi?

Ulizo hili moja njo tunataka kujibu leo.

KATA NJIA KATIKATI

Kama maji yanavuja mu nyumba, fundi mwenye akili hapasui ukuta wote. Anafunga robine ya katikati, anaangalia: maji yanavuja mbele yake ao nyuma yake? Sauti vilevile iko na njia yake. Inaanza mu programu, inatoka mu ordinateri, inapita mu kable, inafika ku mikseri, kisha ku amplifa, mwisho ku bafle.

Ujue jambo hili: ndani ya programu, sauti ni hesabu tu. Kimya ni sifuri, na sifuri haivumi. Kwa hiyo fanya hivi. Rekodi wimbo mufupi mu programu, uache sekunde 5 za kimya mwanzoni. Kisha agiza programu yenyewe iandike fayili ya WAV, bila mikro. Weka fayili ile ku fleshi, uisikilize kwa ekuteri ku chombo kingine. Kama makelele yako ndani ya fayili, yalizaliwa mu programu. Kama fayili iko safi, usilaumu kinanda.

KAMA MAKELELE YAKO MU FAYILI

Kwanza, angalia sauti uliyochagua. Vinanda vingi vya programu vinaiga mashini za zamani, na wenye kuvitengeneza waliweka muvumo ao sss kwa kusudi, ju vifanane na zile za kweli. Tafuta kifungo kilichoandikwa « Noise », ukishushe mupaka sifuri.

Pili, zima vikolezo vya sauti kimoja kimoja. Kompresa inainua sauti ndogo, na makelele madogo yanainuka pamoja nayo. Vile kikolezo cha kukwaruza sauti ya gitaa.

Tatu, piano nyingi za programu zinatumia sauti zilizorekodiwa ku piano ya kweli, mu chumba cha kweli. Kila noti inabeba sss kidogo ya chumba kile. Ukikanyaga pedali, noti nyingi zinalia pamoja, na sss zinajumulika: kila mara hesabu ya noti inapozidi mara mbili, makelele yanapanda karibu desibeli 3. Punguza hesabu ya sauti zinazoruhusiwa kulia kwa wakati moja.

KAMA SAUTI INAKATIKA-KATIKA

Haya ni mambo mengine. Kwa kawaida ordinateri inatengeneza hesabu 44.100 kwa kila sekunde, na inazipanga kwa mafungu. Fungu moja linaitwa bafa. Fungu la hesabu 128 linadumu karibu milisekonde 3 tu. Kama ordinateri imechelewa kulijaza, kunabaki shimo, na shimo lile njo tak unayoisikia. Alama yake ni hii: ukipiga, inakatika, lakini mu fayili ya WAV mara nyingi hakuna kitu, ju pale mashini ilipata wakati wake wote.

Dawa haiombi feza. Pandisha bafa mupaka 512 ao 1.024. Funga programu zingine, uzime Wi-Fi. Angalia kwamba hesabu ya kila sekunde iko sawa fasi yote: kama programu inasema 44.100 na karte ya sauti inasema 48.000, shida inaweza kuzaliwa pale. Lakini ujue bei yake: bafa ya 512 inachelewesha sauti karibu milisekonde 12 nyuma ya kidole, na ile ya 1.024 inazidisha mara mbili. Siku ya kupigia kwaya, chukua bafa ndogo kupita zote isiyokatika. Siku ya kuchanganya wimbo nyumbani, chukua kubwa.

KAMA FAYILI IKO SAFI

Basi tafuta mu nyuzi na mu umeme.

Muvumo muzito, mmmm, ni umeme wenyewe unaimba. Munajua kwamba toka mwaka 1982 umeme wa Inga unafika Kolwezi kwa nyuzi za karibu kilometa 1.700. Mu nyuzi zile unatembea upande moja. Pale Kolwezi unageuzwa kuwa umeme wa kwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde. Mara 50 zile, pamoja na ndugu yake 100, njo muvumo mu bafle yako. Unaingiaje? Ordinateri imechukua umeme ku prizi moja, mikseri ku prizi nyingine mbali. Vyote viwili vimefungwa ku udongo kwa waya mbalimbali, na kable ya sauti inaviunganisha tena. Ni muzunguko kamili, na umeme kidogo unatembea mu kable ya sauti.

Jaribu hivi: chomoa sharjeri, acha ordinateri ifanye kazi kwa batri. Muvumo umenyamaza? Umeupata. Sasa chomeka vyombo vyote ku ralonge moja ya prizi nyingi. Kama bado inavuma, tia kati ya ordinateri na mikseri bwati ndogo inayoitwa DI, yenye transfoma ndani. Inapitisha sauti, inakatisha muzunguko.

Kama unasikia mulio mwembamba, wiii, unaobadilika kila mara unapotembeza kipanya, ni umeme wa ndani ya ordinateri unaotoroka ku USB ao ku tundu la ekuteri. Jaribu tundu lingine la USB, ao karte ya sauti ya inje. DI inasaidia hapa pia.

Na sss? Mara nyingi ordinateri imeshushwa chini sana na amplifa imepandishwa juu sana. Geuza: pandisha sauti ya ordinateri bila kuikwaruza, shusha amplifa. Angalia tena kama mikro ya ndani ya ordinateri haijaachwa wazi.

HAPANA KUKATA WAYA WA UDONGO

Wazazi, someni hapa muzuri. Kuko watu watakaowaambia watoto wenu: « Kata muguu wa tatu wa prizi, muvumo utaisha. » Ni kweli, utaweza kuisha. Lakini waya ule njo unaopeleka umeme ku udongo, siku umeme unagusa chuma cha amplifa. Bila waya ule, umeme utatafuta njia nyingine, na njia ile itakuwa mwimbaji mwenye mikro ya chuma mukononi, ao mupiga-gitaa mwenye vidole ku nyuzi. Volti 220 zinaua. Hapana kukubali, hata kama programu inaanza kiisha dakika kumi na watu wamekwisha kukaa. Heri kuimba na muvumo.

Wewe kijana, chukua kaye na kalamu. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, sikiliza, andika umesikia nini. Mwenye kubadilisha vitu vitano pamoja, hata akipona, hajui dawa gani ilimuponyesha. Lakini mwenye kaye yake, siku ingine makelele yanaporudi, atafungua ukurasa, na hatamuomba baba feza ya kable mupya.