Shadary: Kutoka darasa la siasa hadi kura ya urais Kongo

Agosti 8, 2018, siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu za urais, Wakongo walimaliza miezi ya kukisia. Joseph Kabila, ambaye Katiba haikumruhusu kugombea tena, alimteua Emmanuel Ramazani Shadary kupeperusha bendera ya muungano wake, FCC.

Shadary alizaliwa Novemba 29, 1960 mjini Kasongo, kusini mwa Maniema, ambako Kiswahili kimesemwa tangu enzi za misafara ya Tippu Tip. Alisomea sayansi ya siasa na utawala Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akahitimu mwaka 1987.

Laurent-Désiré Kabila alipoingia madarakani mwaka 1997, Shadary alipewa unaibu gavana wa Maniema, kisha ugavana. Baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha PPRD, na wapiga kura wa Kabambare, wilaya jirani na Kasongo, wakampeleka bungeni, ambako aliongoza kundi la wabunge wa chama hicho.

Mtihani mgumu ulikuja Desemba 2016, alipoteuliwa naibu waziri mkuu na waziri wa mambo ya ndani. Muhula wa Kabila ulikuwa umekwisha bila uchaguzi kufanyika, na maandamano yalikuwa yakizuka. Mtu aliyesomea utawala wa dola sasa alikuwa msimamizi wa polisi. Mei 2017 Umoja wa Ulaya ulimwekea vikwazo, ukisema alibeba dhamana ya kukamatwa kwa wanaharakati na wapinzani, na ya matumizi ya nguvu kupita kiasi.

Februari 2018 aliacha uwaziri na kuwa katibu wa kudumu wa PPRD. Miezi sita baadaye akawa mgombea.

Kura zilipigwa Desemba 30, 2018. Tume ya Uchaguzi, CENI, ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, akifuatwa na Martin Fayulu aliyepinga matokeo hayo. Shadary alikuwa wa tatu kwa asilimia 23.84.

Shahada ilimfungulia mlango wa uongozi, na imani ya Kabila ikampandisha ngazi. Lakini debeni mpiga kura hakuulizwa mgombea amesoma wapi. Aliulizwa kama anataka utawala uleule uendelee.