Seva ya nyumbani

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayowekwa nyumbani na kuachwa ikiwaka muda wote ili kutunza data za familia na kuendesha programu ambazo simu na kompyuta nyingine huzitumia kupitia mtandao. Mwenye seva hujiendeshea huduma ambazo watu wengi huzipata kutoka kampuni kama Google, Apple au Microsoft: kuhifadhi picha, nyaraka, kalenda, nywila na muziki.

Tofauti kuu ni mahali data zilipo na nani anayezitunza. Data zikiwekwa kwenye huduma za kampuni hizo, hukaa katika kompyuta zao, mara nyingi nje ya nchi, na kampuni ndiyo inayopanga masharti na bei. Kwenye seva ya nyumbani data hukaa katika diski ya mwenyewe, lakini umeme, usalama na nakala za akiba huwa kazi yake.

Vifaa na programu

Seva si lazima iwe mashine kubwa. Kompyuta ya zamani inafaa, hata kompyuta mpakato iliyovunjika kioo. Wengine hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotolewa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 2012. Mfumo wa uendeshaji unaotumika sana ni Linux.

Programu nyingi za seva za nyumbani ni huria na hazilipiwi. Nextcloud, iliyoanza mwaka 2016, hutunza mafaili, kalenda na orodha ya namba za simu. Jellyfin, iliyoanza mwaka 2018, huonyesha video na kucheza muziki. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, hufungua nakala ya Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, bila intaneti. Kolibri hutunza masomo kwa namna hiyohiyo, na imetumika katika shule za kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya.

Matumizi bila intaneti

Simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani huifikia seva kupitia ruta tu. Katika nyumba iliyoko Sigino, kata ya mji wa Babati mkoani Manyara, picha inayotoka kwenye simu kwenda kwenye seva iliyoko sebuleni haitoki nje ya nyumba wala haitumii bando.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Data zilizokuwa ndani ya nyumba ziliendelea kupatikana; zile zilizokuwa ng'ambo zilisubiri.

Umeme

Kompyuta inayotumia wati 5 hula takriban uniti 3.6 kwa mwezi ikiwaka saa 24. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye kutumia wati 60 hula takriban uniti 43. Kwa mteja wa TANESCO aliye katika kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya nusu ya kiwango chake.

Umeme ukikatika ghafla, mafaili yanaweza kuharibika. Kwa sababu hiyo kompyuta mpakato ina faida, maana betri yake huipa seva muda wa kuzimwa taratibu.

Kuifikia kutoka mbali

Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, hivyo mtu aliye safarini hawezi kuifikia seva yake moja kwa moja. Njia ya kawaida ni VPN, kwa mfano WireGuard, ikipitia kompyuta ya kukodi yenye anwani yake ya wazi. VPN pia ni salama kuliko kuifungua seva kwa intaneti nzima.

Usalama na nakala za akiba

Hatari kubwa kwa data za nyumbani ni diski kufa, wizi na moto. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe mahali pengine, kwa mfano kwa ndugu. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa haitegemewi. Programu nazo huhitaji kusasishwa mara kwa mara.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Shule, zahanati au duka likitunza taarifa za watu kwenye seva yake lenyewe, wajibu wa kuzilinda ni wake.