Galoni Kumi za Land Rover

Kitabu cha Land Rover za zamani, zile fupi za inchi 88, kinasema tangi lao hubeba galoni 10. Ukizigeuza kwa simu kuwa lita, huenda ukaletewa 37.85. Hesabu haina kosa, ila galoni siyo yenyewe. Hiyo ni ya Marekani, lita 3.785. Gari hilo ni la Uingereza, na galoni ya huko ni lita 4.546. Tangi ni la lita 45.

Tofauti hiyo ya lita saba na nusu hivi si kitu kidogo: kwa gari linalokula lita moja kila kilomita 6, ni kilomita 45 za njia. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi. Pikapu ya Kimarekani ya galoni 23 hubeba lita 87; ukizihesabu kwa galoni ya Kiingereza utajiona una lita 105, na mafuta yatakukatikia porini. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha, tazama kitabu kiliandikwa kwa soko la nchi gani. Magari mengi tunayoagiza Japani hayana taabu hii, yanatumia lita tangu mwanzo.

Ukishapata lita, bado hujamaliza. Juu ya tangi huachwa nafasi ya hewa, kwa kuwa petroli hutanuka karibu asilimia 1 kila joto linapopanda nyuzi 10. Nafasi hiyo, pamoja na shingo ya kujazia, kwa kawaida haimo katika ujazo wa kitabuni. Ndiyo maana tangi la lita 50 linaweza kumeza 52, na mhudumu wa sheli akaitwa mwizi bure. Likimeza 60, hapo una haki ya kudai pampu ipimwe kwa kipimo cha lita 20. Tanzania, pampu hizo huhakikiwa na kufungwa lakiri na Wakala wa Vipimo.

Ninachowasihi madereva ni kupima wenyewe. Jaza mpaka bomba lijikate, usiongeze. Andika kilomita. Tembea, kisha jaza tena mpaka lijikate, ugawe kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 520 kwa lita 40 ni 13 kwa lita. Katika tangi la lita 50, panga safari kwa lita 45 tu: kilomita 585.