Marburg: Serikali Mbili, Milipuko Mitatu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita makala haya yalieleza virusi vya Marburg vinakotoka: kwa popo walao matunda wanaoishi mapangoni. Leo ni zamu ya serikali.

Ugumu wa Marburg ni kwamba huanza kama maradhi ya kawaida. Homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka. Mgonjwa wa Muleba, Tanzania, au wa Kigali, Rwanda, atasema ni malaria, na mhudumu wa zahanati huenda akakubaliana naye. Kila siku inayopita katika dhana hiyo, ndugu wanaomwosha na kumlisha wanazidi kuambukizwa.

Rwanda ilitangaza mlipuko wake tarehe 27 Septemba 2024, virusi vikiwa tayari ndani ya hospitali za mji mkuu. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya wenyewe, jambo ambalo lingeweza kuishawishi serikali inyamaze. Haikunyamaza. Waziri wa Afya, Sabin Nsanzimana, alijitokeza mara kwa mara kutaja idadi ya wagonjwa, wakiwemo waliokufa. Tarehe 6 Oktoba, siku tisa tu baada ya tangazo, chanjo ya majaribio kutoka Marekani ilianza kutolewa. Wagonjwa wawili waliokuwa wakipumua kwa mashine walipona hadi wakaondolewa mirija, jambo ambalo Afrika haikuwa imewahi kuliona kwa ugonjwa huu. Waliougua walikuwa 66, wakafa 15. Angola, katika mlipuko wa 2004 na 2005, ilipoteza wagonjwa tisa katika kila kumi.

Lakini haki itendeke katika kulinganisha Rwanda na Tanzania. Daktari anayeugua Kigali yuko hatua chache kutoka chumba cha wagonjwa mahututi. Mkulima wa Kagera hana ukaribu huo.

Tanzania nayo iliwahi kufanya vizuri. Machi 2023, vifo vya kutatanisha vilipotokea Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, serikali ilikiri hadharani kwamba kuna ugonjwa usiojulikana, na tarehe 21 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akautaja kwa jina. Wagonjwa walikuwa tisa, wakafa sita, na kufikia tarehe 2 Juni mlipuko ulikuwa umekwisha. Haukutoka nje ya mkoa.

Mara ya pili mambo yalikwenda vingine. Mwanamke mmoja wa Kagera alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024, akafa baada ya wiki moja. Katikati ya Januari, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa walioshukiwa kuwa na Marburg. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba Marburg imethibitishwa. Zaidi ya mwezi ulikuwa umepita tangu kifo kile.

Siku nyingi kati ya hizo zilipotea kijijini, kabla sampuli hazijafika maabara. Huko ndiko fedha za wizara zinapotakiwa kwenda: kwenye zahanati za wilaya za Kagera kama Biharamulo na Muleba, kwa mhudumu mwenye glavu, simu na ruhusa ya kupiga kengele mapema bila kuogopa kukaripiwa.

Wagonjwa wa mlipuko huo wa pili walikuwa kumi, na wote walikufa. Wanane kati yao walikuwa wameshakufa kabla ugonjwa haujathibitishwa.