Mahabusu Kabla ya Hukumu: Somo Kutoka Arusha

Ndugu wananchi wa Rugerero na majirani wa mpakani, mahabusu si kifungo: ni mahali pa kumweka mtuhumiwa hadi mahakama iamue.

Watuhumiwa wakuu wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 waliwekwa katika mahabusu ya Umoja wa Mataifa karibu na Arusha, wakisubiri Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Mmojawapo, Jean-Bosco Barayagwiza, mzaliwa wa Gisenyi, alikamatwa Kamerun mwaka 1996, lakini alifikishwa Arusha Novemba 1997. Kwa sababu ya ucheleweshaji huo, majaji wa rufani waliamuru aachiliwe mwaka 1999. Mwaka uliofuata wakatengua amri hiyo. Alipotiwa hatiani mwaka 2003, alipewa miaka 35 badala ya kifungo cha maisha, kwa kuwa haki zake zilikiukwa.

Hivyo, kukiuka utaratibu humnufaisha mkosaji na kuwaumiza manusura. Sheria yetu ya 2019 iliwawekea wapelelezi wa RIB kikomo cha siku 5 za kumzuilia mtuhumiwa. Nanyi mkimkamata mtu, msimpige wala kumfungia nyumbani. Mkabidhini kwa polisi mara moja.