Bunduki ya Kwanza Isichaguliwe kwa Ufahari

Kila msimu wa kuwinda ndege unapokaribia, hawakosekani vijana wanaotujia kutaka shauri: ni bunduki gani ya marisau inayofaa kununuliwa kwanza? Swali hilo ni jema, ila aghalabu huulizwa kinyume. Muulizaji huanza na jina la kiwanda, akafuatia bei, na usalama akauweka mwisho. Inapasa aanze na usalama, kisha autazame mwili wake mwenyewe, na bei iwe ya mwisho.

Kabla ya yote, ieleweke kwamba silaha haiuzwi kama baiskeli. Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humtaka mwananchi apate idhini ndipo amiliki bunduki. Kadhalika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 humtaka mwindaji awe na leseni, hata ikiwa windo lake ni kanga na kwale tu. Asiyekuwa na karatasi hizo asikanyage dukani.

Tuje kwenye kipimo. Bunduki hizi huitwa kwa namba ambayo wengi huisoma kombo. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa katika vidonge 12 vya mviringo vilivyo sawa, kila kidonge kitaenea barabara katika mtutu. Kwa hiyo namba inapokuwa kubwa, mtutu huwa mwembamba: namba 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, na namba 20 milimita 15.6. Kwa anayeanza, namba 12 ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa kuwa risasi zake ni nyingi na za uzito mbalimbali. Asiyestahimili kishindo begani atumie zenye marisau ya gramu 24, uzito ule ule unaotumika katika mashindano ya Olimpiki.

Namba 20 nayo ni nyepesi kubeba siku nzima porini, lakini namba hizi mbili zisichanganywe katika mfuko mmoja. Nasema hivi kwa kuwa nilishuhudia. Katika ujana wangu nilifuatana na shemeji yangu kuwinda kanga. Bunduki yake ilikuwa namba 12, na katika mfuko wa kuazima mlikuwa na risasi za namba 20. Aliingiza moja bila kuitazama. Ikateleza ndani ya mtutu na kukwama. Akafyatua, kimya. Akafungua, akaona pametupu, akadhani amesahau kuijaza. Akatia ya namba 12 na kufyatua tena. Mtutu ulipasuka, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikaenda. Angalichungulia mtutu hadi aone mwanga upande wa pili, asingalipata msiba ule. Ndiyo sababu risasi za namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano: zitambulike kabla ya kudhuru.

Kutokana na hayo, namshauri mwanafunzi achague bunduki ya mitutu miwili inayofunguka kwa bawaba. Zipo zenye mitutu ubavu kwa ubavu, na zipo zenye mtutu mmoja juu ya mwingine. Hii ya pili hupendwa na walenga shabaha. Ikifunguliwa, kila aliye karibu huona kama ina kitu au haina. Bunduki inayojipakia yenyewe ina sifa zake, lakini huficha iliyo nayo tumboni. Anayenunua kuukuu amwite fundi aipime chemba: zipo za milimita 65, ilhali risasi nyingi za siku hizi zahitaji 70.

Kisha mwili. Bunduki ikiwa tupu, fumba macho, iinue begani, ufumbue. Jicho lako likiona uso wa mtutu moja kwa moja hadi ncha yake, kitako kinakufaa. Likiona bawaba tu, au likiona mtutu umeinuka kama mlima, haikufai, hata ikiwa na nakshi za fedha.

Iliyobaki ni mazoezi. Mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky alipata hataza ya sahani ya udongo ya kurushwa angani, iliyochukua nafasi ya njiwa hai na tufe za kioo. Sahani ya Olimpiki ina upana wa sentimita 11, nayo haihisi maumivu. Mwenye kukosa sahani amepoteza risasi moja. Mwenye kumjeruhi kwale amemwachia kiumbe mateso kichakani. Kwa hiyo mwanafunzi ajifunze kwanza kwa sahani, penye uwanja na msimamizi, na aendapo porini asimpige ndege aliye mbali kupita mita 35.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee. Kanga aliyeponyoka leo huenda akaonekana kesho; kidole kilichokatika hakioti tena.