Bustani ya Uhuru na Somo Lake kwa Wakazi wa Keumbu

Yeyote anayeingia katikati ya jiji la Nairobi kupitia barabara ya Uhuru Highway huiona Bustani ya Uhuru: nyasi, miti na ziwa dogo lililochimbwa na binadamu. Siku za mapumziko, familia huja hapo kutembea, watoto hupanda mashua, na wasio na pesa ya hoteli hupumzika kivulini. Wengi wanaoifurahia hawajui kwamba bustani hiyo ilikaribia kupotea.

Bustani ya Uhuru ilifunguliwa rasmi na Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, tarehe 23 Mei, 1969. Ina ukubwa wa hekta 12.9, yaani takriban ekari 32. Mbali na ziwa na vijia vya kutembea, kuna uwanja wa mikutano. Mwaka 2021 ilifungwa kwa ukarabati mkubwa kabla ya kufunguliwa tena kwa umma.

Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo, likiwa makao ya shirika la habari la chama tawala cha wakati huo, KANU. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, alipinga. Aliandika barua kwa ofisi za serikali na kwa mashirika ya kimataifa akiuliza swali moja: kwa nini mwananchi wa kawaida anyang'anywe mahali pake pa kupumzikia? Alikemewa bungeni, na kesi aliyowasilisha katika Mahakama Kuu ikatupiliwa mbali. Hata hivyo, kelele za umma ziliwafanya wafadhili wa kigeni wajiondoe, na mradi ukasitishwa.

Miaka michache baadaye umuhimu wa ardhi hiyo ulionekana. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifanya mgomo wa kula katika sehemu ya bustani inayojulikana sasa kama Freedom Corner, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 30 Desemba, 2002 Rais Mwai Kibaki aliapishwa katika bustani hiyo. Tarehe 27 Agosti, 2010 Katiba mpya ilizinduliwa papo hapo. Profesa Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alipofariki mwaka 2011, taifa lilimuaga katika bustani aliyoiokoa.

Historia hii inamhusu mkazi wa Keumbu moja kwa moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yakabaki vipande. Kadiri vituo vya biashara vilivyo kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka vinavyopanuka, kila sehemu ya umma iliyo wazi inaweza kutamaniwa: kiwanja cha shule, uwanja wa soko, ukingo wa mto. Ikishajengwa, kuirejesha huchukua miaka mingi mahakamani.

Sheria iko upande wa mwananchi. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaeleza ardhi ya umma ni ipi, na kwamba sehemu yake hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi. Haiwezi kuuzwa wala kutumiwa ila kwa kufuata sheria. Jedwali la Nne linaipa kaunti jukumu la bustani na sehemu za burudani.

Lakini sheria huhitaji macho ya wananchi. Wakazi wanashauriwa kufanya yafuatayo:

• Kujua mipaka. Kila kamati ya shule, soko au zahanati iwe na nakala ya ramani ya ardhi yake, na ijue bikoni zilipo.

• Kuuliza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, zikiwemo taarifa kuhusu umiliki wa kiwanja cha umma.

• Kutoa maoni. Vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti na mipango ya maendeleo ndipo mahali pa kuomba bustani, uwanja wa michezo au miti ya kivuli. Ombi lisilotolewa huko ni vigumu kupata fedha.

• Kuripoti mapema. Ukiona ua au mawe ya ujenzi kwenye ardhi ya umma, mjulishe chifu, msimamizi wa wodi au ofisi ya ardhi ya kaunti. Malalamiko pia hupokelewa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Ni rahisi kusimamisha ua kuliko kubomoa ghorofa.

Keumbu haihitaji ekari 32. Hata robo ekari yenye miti michache na viti, karibu na soko, humpa mama anayeuza ndizi mahali pa kupumzika mchana, na mtoto mahali pa kucheza mbali na barabara. Kinachohitajika kwanza ni kipande hicho kijulikane, kipimwe na kilindwe kikiwa bado kipo.